Kosa la Kuiuliza Kompyuta Mfuatano wa Baiti

Vijana waandikao programu hapa Sumbawanga, ambao aghalabu kazi yao ya awali ni kuunganisha mizani ya mahindi na kompyuta ya ghala, hawaachi kuniuliza swali lile lile: namba kamili ikitakiwa kugeuzwa safu ya baiti, watajuaje kama kompyuta yao hutanguliza baiti kubwa au ndogo, wapate kuzipindua? Swali hilo ni batili tangu asili yake, na dawa iambatanayo nalo, ya kupindua mpaka jibu lipendeze, ni ya kuharibu hesabu.

Tuseme mzigo kutoka Laela una kilo 1,000. Gawanya kwa 256: unapata 3, ndiyo baiti kubwa kwa thamani ya nafasi, na baki ni 232, ndiyo ndogo; hizo ndizo baiti mbili, wala hakuna siri nyingine. Mpokeaji akizisoma kinyume atazidisha 232 kwa 256, ajumlishe 3, na ghala litaandikiwa kilo 59,395 za mahindi yasiyokuwapo. Tena apinduaye kwa kubahatisha hujaribu 257, ambayo baiti zake ni 1 na 1, akadhani amepata ithibati, ilhali namba hiyo husomeka sawasawa kutoka pande zote.

Ni kweli kwamba vichakataji vya Intel hutanguliza baiti ndogo katika kumbukumbu yake. Lakini hayo hayakuhusu kamwe, maadamu unagawanya na kuzidisha badala ya kunakili kumbukumbu ghafi, kwa kuwa hesabu haibadiliki kwa kuhama mashine. Wa kuulizwa ni mtengenezaji wa mizani: waraka wake wataja baiti ipi mwanzo? Mwanasayansi wa kompyuta Danny Cohen aliwasihi wabishani wa jambo hili wasuluhike tangu 1980, na itifaki za intaneti zimekwisha kuamua kwamba kubwa hutangulia.

Yaliyobaki ni mepesi. Katika Python tumia to_bytes, ukitaja urefu, mfuatano, na kama hasi zaruhusiwa. Katika Java tumia ByteBuffer, ambayo hutanguliza kubwa usipoiamuru vingine. Huko 232 huonekana −24, kwa kuwa baiti ya Java ina alama, nayo haikuharibika. Katika C sogeza biti nane nane, kwenye namba isiyo na alama. Urefu nao uutazame: namba ya simu yenye msimbo wa nchi, 255, na tarakimu tisa hupita 4,294,967,295, basi haienei katika baiti nne: ihifadhi kama maandishi. Na kabla hujaandika mstari wa kwanza, andika katika waraka wako baiti ipi hutangulia.