Mbwa Mlinzi Hulelewa Zizini
Mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund lilianza kuwapa wafugaji wa Namibia mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, wawalinde mbuzi na kondoo dhidi ya duma. Mbwa hubweka na kusimama mbele ya kundi, duma huondoka. Mifugo ikapona, na duma pia hawakuuawa ovyo.

Siri ni malezi. Mtoto wa mbwa akishaachishwa kunyonya, mweke zizini alale na mbuzi, awaone ndio jamaa zake. Akiwakimbiza kwa mchezo, mkanye papo hapo. Mlishe hukohuko kila siku. Mwenye njaa huacha kundi akawinde. Usisahau chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo.