Mtoto amwambie nani?

LONDON — Saa tisa na robo mchana, mvua ya manyunyu, wazee wamejipanga nje ya geti la skuli moja ya msingi mashariki ya mji huu. Ndugu yetu mmoja, mtu wa Unguja, alikuwa ametumwa na dada yake akamchukue mpwa wake wa miaka saba. Amefika kwa wakati, mwavuli mkononi. Mwalimu wa mlangoni akamuuliza neno la siri. Hana. Akatazama kama jina lake limo kwenye orodha ya ofisini. Halimo. Mtoto yupo pale pale anarukaruka na kuita "Mjomba! Mjomba!", na mwalimu hamwachii. Mama yuko zamu hospitali, hapokei simu. Wakakaa dakika arubaini juu ya viti vidogo vya ukumbini mpaka mama alipopiga.

Jioni ile alitusimulia kwa hasira. "Mimi mjomba wake khasa, wananifanya kama mwizi!" Tulicheka naye, kisha tukamwambia tunavyoona sisi: mwalimu yule alifanya kazi yake.

Masharti haya hayakuja kwa sababu Waingereza wanapenda makaratasi tu, ingawa kweli wanayapenda. Mwaka 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa skuli ya sekondari ya mji huo. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Bichard, uliotoa ripoti yake mwaka 2004, ulionesha kuwa polisi wa mkoa alikokuwa akiishi kabla walishapata tuhuma nyingi juu yake, na khabari hizo hazikuwafikia waliompa kazi. Ndipo ukaguzi wa watu wanaofanya kazi na watoto ulipokazwa. Leo mwalimu, mpishi na mfagizi wa skuli wote hukaguliwa rekodi zao kwanza.

Lakini cheti kinamkamata aliyekwisha kujulikana. Asiyejulikana atamtaja mtoto, na mtoto anahitaji mtu wa kumwambia. Kila skuli ya England inalazimika kuwa na mkubwa mmoja aliyekabidhiwa rasmi dhamana ya usalama wa watoto, na kwa kawaida picha yake hubandikwa ukutani. Mwalimu akiambiwa jambo na mtoto, anatakiwa asikilize, asimuahidi kuwa ataficha, asimhoji kama polisi, aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na amfikishie mkubwa huyo bila kuchelewa. Si kazi yake kuamua kama ni kweli. Tulimuuliza mtoto wa jamaa yetu, yuko darasa la pili, akiwa na jambo humwambia nani. Akatutajia jina la mwalimu bila kufikiri, na akiwa hayupo, jina la pili.

Wazee wengi wa kwetu wanauogopa mpango huu. Neno "sosho" likitajwa msibani au harusini, sauti zinashuka. Kila mtu ana kisa cha mtoto aliyesema skuli "baba kanipiga", na kesho yake maofisa wako mlangoni. Khofu hii tunaielewa. Wengi wetu tulitoka nyumbani tukiikimbia serikali, na mtu aliyewahi kugongewa mlango usiku hamfungulii ofisa kwa furaha. Isitoshe, sisi tulikua na bakora, na hapa iliondolewa katika skuli za serikali tangu mwaka 1987. Matokeo yake baadhi ya wazee huwafundisha watoto: ya nyumbani usiyaseme skuli. Wanadhani wanailinda familia.

Tunawaomba wazee hao wamkumbuke Victoria Climbié. Alikuwa mtoto wa Ivory Coast, wazee wake wakamtoa kwa shangazi wa baba yake aje Ulaya kusoma, jambo ambalo kwetu hufanyika kila siku na kwa nia njema kabisa. Alikufa London Februari 2000, ana miaka minane, mwili una majeraha 128. Shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye walifungwa maisha. Hospitali zilimwona, polisi walimwona, maofisa wa ustawi wa jamii walimwona. Skuli haikumwona, kwa sababu muda wote aliokuwa Uingereza hakuandikishwa skuli. Hapakuwa na mwalimu wa kumtazama usoni kila asubuhi.

Na mpango wenyewe si msahafu. Sara Sharif, wa miaka 10, alikuwa skuli mjini Woking. Walimu waliona michubuko, wakaandika, wakapeleka taarifa Machi 2023. Idara iliyopokea ikafunga jalada baada ya siku chache. Mwezi uliofuata baba yake akamtoa skuli akidai atamsomesha nyumbani, na Agosti akakutwa amekufa. Baba na mama wa kambo walihukumiwa kwa mauaji Desemba 2024. Alipotolewa skuli ndipo macho yalipomuondoka.

Hapo hapo tuseme jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui. Hapa England, mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa kwa mtu asiyekuwa jamaa wa karibu kwa siku 28 au zaidi, lazima halmashauri ya mtaa iarifiwe. Bibi, babu, shangazi, mjomba na ndugu wa mtoto hawamo katika sharti hilo. Shangazi wa baba, binamu au rafiki wa familia wamo.

Sasa tugeukie nyumbani, maana huko ndiko fedha zetu zinakokwenda. Kwa miaka kadhaa tumechangishana kwa ajili ya skuli moja ya shamba huko Unguja. Mabati, madawati, rangi. Picha zilikuja nzuri, tukafurahi. Mmoja wetu alipokwenda likizo alikuta vyoo vya wasichana havina komeo. Akawauliza watoto: ukiwa na tatizo, unamwambia nani? Kimya. Mwisho kijana mmoja akasema, "Mwalimu mkuu." Wenzake wakacheka, kwa sababu mwalimu mkuu ndiye anayeshika bakora.

Hatuwalaumu walimu, wenye watoto zaidi ya themanini chumba kimoja. Wala si kweli kwamba Zanzibar haina kitu. Ipo Sheria ya Watoto ya mwaka 2011, vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, na ipo namba 116 ya kupiga bure. Linalotumaliza ni muhali. Aliyefanya ni mtu wa mtaani, mwalimu wa chuoni, mtoto wa ami. Kesi inamalizwa barazani na mtoto anaambiwa anyamaze. Utafiti wa taifa wa Tanzania uliofanywa mwaka 2009 ulikuta kuwa kiasi cha nusu ya wasichana waliodhulumiwa kijinsia utotoni, na zaidi ya theluthi mbili ya wavulana, hawakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Katika kikao chetu cha karibuni lilikuja ombi la fedha za ukuta. Baadhi yetu tukapendekeza komeo kwanza, namba 116 ichorwe kwa rangi kila darasa, na walimu wawili, mmoja mwanamke, wafundishwe kupokea maneno ya watoto. Mzee mmoja akasema tunapeleka mambo ya kizungu. Bi mmoja mtu mzima, ambaye vikaoni huleta mandazi na kuondoka, akasema, "Mimi nilinyamaza miaka khamsini." Hakuongeza neno na hakuna aliyemuuliza.

Komeo zimeshafungwa. Mwalimu wa kike bado anatafutwa.