Mbolea ya Ruzuku Haina Kadi ya Chama



Tarehe 8 Agosti 2022, Nane Nane pale Mbeya, Rais Samia alizindua mbolea ya ruzuku. Mwaka huo bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954. Ni hatua kubwa, na kwenye kampeni za 2025 CCM iliinadi sana. Sawa, ndiyo siasa. Ila ukisikia "Mama katoa fedha", kumbuka zimepitishwa na Bunge na zinatokana na kodi, hata ya sukari unayonunua dukani.

Kwa hiyo:

1. Usiache kujiandikisha ukidhani ni mali ya wenye kadi. Nenda ofisi ya kijiji, uhuishe taarifa zako kwenye daftari la wakulima.

2. Tofautisha fedha iliyotengwa, iliyotolewa na iliyofika. Jukwaani hutajwa ya kwanza. Kihamba chako kinasubiri ya tatu.

3. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Uliza pale: wakala yuko wapi, ana mbolea gani, inafika lini?

Uliza mapema. Masika haisubiri hotuba.