Mchawi wa Riwayani na Mchawi wa Nyumbani

Ukitoka kituo cha metro cha Porte de Namur ukashuka Chaussée de Wavre, umeshaingia Matongé, mtaa wa Ixelles uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Galerie d'Ixelles ni njia ya ndani inayounganisha Chaussée de Wavre na Chaussée d'Ixelles, na imejaa saluni na maduka ya nywele bandia na vipodozi. Anayekuja kusuka rasta ndogo hapa ajue atakaa kitini saa nne au tano. Wengine hutazama simu. Mimi husoma riwaya za mapenzi zenye wachawi na watu waliowahi kuishi zamani.

Wifi yangu hunicheka: "Nesi mzima unasoma mambo hayo?" Ndiyo, nasoma. Baada ya zamu tatu za usiku mfululizo, kichwa hakitaki tena kitabu cha dawa. Najua pia kwamba mabinti zetu wengi wanazisoma, kwa Kifaransa, Kiingereza au Kiholanzi, na wazazi hatuna habari. Ndiyo maana nimeona tuzungumze.

Zinasimulia nini?

Chukua A Discovery of Witches ya mwaka 2011, iliyoandikwa na Deborah Harkness, mwanahistoria wa Marekani. Diana Bishop ni msomi aliyezaliwa katika ukoo wa wachawi lakini hataki kuutumia uchawi wake. Anaagiza mswada wa kale katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na hapo anakutana na mnyonya damu (bibi zetu wa pwani wangesema mumiani) na wanapendana. Katika Fallen ya Lauren Kate, ya mwaka 2009, binti anakufa na kuzaliwa upya mara nyingi, na kila maisha anampenda malaika yuleyule.

Ninayoipenda zaidi ni Outlander ya Diana Gabaldon, ya mwaka 1991. Claire ni nesi aliyehudumia askari katika Vita Kuu ya Pili. Akiwa Scotland anapita kwenye mawe ya kale na kujikuta mwaka 1743. Lafudhi yake ni ngeni, hana ndugu, lakini anajua kusafisha kidonda na kutumia mitishamba. Wanamhitaji, na hapohapo wanamshuku. Mwishowe anashtakiwa kuwa mchawi.

Nesi yeyote aliyehamia ugenini ataelewa kwa nini nilikesha na kitabu hicho. Kuna wagonjwa wanaokushukuru asubuhi, na wapo wanaouliza kwanza umetoka wapi kabla ya kukupa mkono upime presha.

Maisha ya kale kwa lugha yetu

Wengine husema habari za kuzaliwa upya ni mambo ya Wazungu. Lakini hebu tujikumbushe. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kwetu wengi, baba aliyempa bintiye jina la marehemu mama yake humwita "mama", na kumkaripia huona vigumu. Hatusemi kwamba bibi amezaliwa tena. Tunasema jina lake halijapotea. John Mbiti, katika African Religions and Philosophy ya mwaka 1969, alitumia maneno yetu mawili, sasa na zamani, kulieleza hili: marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo katika sasa.

Tofauti naiona hapo. Binti wa riwayani hutafuta maisha yake ya kale peke yake, katika ndoto na vioo. Mtoto wetu huyapokea kwa watu, pamoja na jina. Ila sharti mtu amsimulie. Mtoto aliyezaliwa Brussels akiitwa Mwanaisha bila kujua Mwanaisha wa kwanza alikuwa nani, atakwenda kuyatafuta maisha ya kale dukani.

Neno ambalo si mchezo

Msusi wangu ni dada wa Bukavu. Siku moja aliona jalada la kitabu, akauliza kama kinasema habari za "balozi". Kwa Mtanzania balozi ni mwakilishi wa nchi, au yule wa nyumba kumi. Kwa Kiswahili cha kwao, mulozi ni mchawi na balozi ni wachawi. Tulicheka mpaka machozi. Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake na mtoto wake mdogo hakucheka. Aliniambia kwa upole, "Dada, hilo neno usiliseme mbele ya mtoto."

Alikuwa na haki. Riwayani mchawi ni mrembo mwenye kipaji alichorithi. Nyumbani ni tuhuma, na tuhuma huua. Ulaya yenyewe iliwahi kuwa hivyo: mwaka 1595, katika mji huuhuu wa Brussels, Josyne van Vlasselaer, mmoja wa mabibi wa kale wa mwanamuziki Beethoven, alichomwa moto kwa kuitwa mchawi. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo nesi anaweza kukueleza kuwa ni ya moshi wa jikoni miaka na miaka. Siku ya Krismasi ya mwaka 2010, kijana wa miaka 15 wa ukoo wa Kikongo, aliyetoka Paris kwenda kula sikukuu London, aliuawa na dada yake na mpenzi wa dada huyo kwa madai ya kindoki.

Wanaotuhumiwa mara nyingi ni watoto wanaokojoa kitandani, wenye kifafa, wanaotembea usingizini, waliochelewa kusema, au watoto wa kambo tu. Yote hayo, isipokuwa hilo la mwisho, yana kliniki yake. Na Kongo yenyewe imekataza: sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, kifungu cha 160, inatoa kifungo kwa anayemtuhumu mtoto uchawi.

Tufanye nini?

Binti akileta riwaya ya namna hii, usimnyang'anye. Isome, au mwombe akusimulie. Muulize: nani humu anaitwa mchawi, nani anamwita hivyo, na anapata faida gani kwa kumwita hivyo? Maswali hayo matatu yatamfaa hata nje ya kitabu. Kisha mpe na cha kwetu: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960, ambamo Bwana Msa hatishwi na habari za mzimu bali hutafuta mkono wa binadamu.

Na ukisikia mtoto wa kweli anaitwa mchawi, iwe na shangazi au na mchungaji, usingoje kikao cha ukoo. Hapa Ubelgiji kuna simu ya watoto: 103 kwa Kifaransa, 102 kwa Kiholanzi. Kukiwa na hatari ya papo hapo, piga 112. Mwambie daktari wa familia pia. Kifafa kina vidonge, na kukojoa kitandani kuna tiba.