Je, Wajua? Saa Zinazokula Betri Kifaa Kikiwa Kimelala

Je, wajua kwamba chipu moja ya ruta au simu ina saa nyingi ndani yake? Hazisomi muda. Hutoa mapigo ya umeme yanayoendesha kamera, kadi ya kumbukumbu, milango ya mawasiliano. Saa isipozimwa, mapigo huendelea kula umeme hata kama sehemu hiyo haina kazi.

Je, wajua kwamba ukipunguza kasi ya mapigo kwa nusu, umeme yanaoutumia hupungua kwa nusu, lakini ukipunguza volti kwa nusu hubaki robo tu? Ndiyo maana kichakataji hushushiwa vyote viwili pamoja.

Je, wajua kwamba kusoma rejista ya kifaa ambacho saa yake imezimwa kunaweza kugandisha mashine nzima? Kichakataji huuliza, upande wa pili hauna mapigo ya kujibia, na katika baadhi ya chipu kila kitu husimama hapo hapo bila hata mstari mmoja kwenye logi. Ni hitilafu ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu msimbo wenyewe hauna kosa. Ni mfuatano wa hatua tu uliopinda.

Je, wajua kwamba hadi Linux 3.4 ya mwaka 2012, kila familia ya chipu ilisimamia saa kwa namna yake? Mfumo wa pamoja, ulioongozwa na Mike Turquette, huwasha saa kwa hatua mbili. clk_prepare inaruhusiwa kusubiri, maana saa nyingine huchukua muda kutulia. clk_enable hairuhusiwi, ili iweze kuitwa hata katikati ya kazi isiyokatizwa.

Je, wajua kwamba usingizi wa kifaa unategemea hesabu? Tangu Linux 2.6.32 ya Desemba 2009, kwa kazi ya Rafael Wysocki, kila anayekihitaji kifaa huongeza moja, akimaliza hupunguza moja. Wa mwisho kutoka ndiye azimaye taa. Tatizo ni pm_runtime_get_sync, inayokiamsha kifaa: huongeza hesabu hata kifaa kinaposhindwa kuamka. Waandishi wengi wa viendeshi walirudisha kosa na kuondoka bila kupunguza, hesabu ikabaki juu, kifaa kisiweze tena kulala. Mwaka 2020 ikaja pm_runtime_resume_and_get, inayoirudisha hesabu yenyewe ikishindwa. Kwa kiendeshi kipya, ningeanza na hiyo.

Je, wajua kwa nini skrini huweza kuzimika ghafla Linux inapomaliza kuwaka? Saa zisizodaiwa na kiendeshi chochote huzimwa, ikiwemo ya skrini iliyoachwa ikiwaka na programu ya kuwashia. Ongeza clk_ignore_unused kwenye vigezo vya kuwashia. Picha ikibaki, umempata mhusika.

Kisha fungua /sys/kernel/debug/clk/clk_summary. Kila saa imeandikwa pamoja na kasi yake na idadi ya wanaoishikilia. Anza na zile zenye 1 ambazo wewe hujaziomba.