Mwili Unapoisikia Mvua

Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya kutoka Mwingi kwenda harusini upande wa Nuu lilijaribu kuvuka Mto Enziu, katika Kaunti ya Kitui, Kenya, ambao maji yake yalikuwa yamepanda juu ya daraja. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengine waliopolewa wakiwa hai, huku umati ukitazama kutoka ukingoni.

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo mkulima wa Kitui na Makueni anazozitumainia kuliko zote. Basi mfikirie aliyenusurika siku ile: mawingu anayoyaomba mwaka mzima ndiyo yanayomlowesha viganja kwa jasho. Anajua yuko jikoni kwake, salama, lakini moyo unamwenda mbio na magoti yamemlegea. Jirani anamwambia asahau, amshukuru Mungu kwa uhai. Amekwisha kushukuru, na mvua ikinyesha tena anatetemeka.

Ndani ya ubongo, sehemu ndogo iitwayo amigdala hustuka kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, damu hukimbilia misuli, na tumbo huacha kusaga chakula. Mwanafiziolojia Mmarekani Walter Cannon aliyaeleza mabadiliko haya ya mwili mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Aliyebanwa kwenye kiti cha basi hakuweza lolote kati ya hayo mawili.

Hapo ndipo anapoanzia Peter Levine, Mmarekani mwingine, ambaye tiba yake humwongoza mtu asikilize taya, mabega na tumbo lake, kidogo kidogo, bila kumlazimisha asimulie yote. Levine anaamini kwamba nguvu isiyotumika hubaki imenasa mwilini. Maelezo hayo hayajanishawishi, ingawa njia yenyewe naiheshimu. Jaribio la tiba hiyo lililofanyika Israeli na kuchapishwa mwaka 2017 lilionyesha nafuu, lakini lilihusu watu 63 tu.

Kuhusu pumzi nina uhakika zaidi. Moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta hewa na kuipunguza tunapoitoa, kazi inayoongozwa na neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Kupumua polepole kwa tumbo ni sehemu ya mpango wa vikao 5 wa Shirika la Afya Duniani, pamoja na kutatua matatizo, kurudia shughuli za kila siku na kutafuta watu wa kumsaidia mtu. Wahudumu wa afya ya jamii waliutumia Nairobi kwa wanawake, wengi wao wakiwa wametendewa ukatili. Jaribio hilo la wanawake 421, nalo la mwaka 2017, lilionyesha dhiki yao ikipungua.

Ukambani, nchi ya Wakamba wa Kitui na Makueni, ilikuwa na njia yake kabla ya haya yote. Katika kilumi, ngoma kubwa hulia na akina mama wazee hucheza ili kuomba mvua, kuwatuliza aimu, yaani mizimu, na kumponya mgonjwa. Wenyewe husema habari za mizimu, wala sitaki kuwatafsiria imani yao iwe neva. Naona tu kwamba mgonjwa hakuachwa peke yake na mtetemeko wake, na hakuna aliyemdai maelezo kwanza. Ni hasara kubwa kwamba wengi wetu tulilelewa kuionea haya ngoma hiyo.

Makueni, shirika la utafiti lililoanzishwa na Profesa David Ndetei liliwaketisha pamoja waganga wa jadi, wahubiri na wahudumu wa kliniki, likawafundisha waganga na wahubiri hao kutambua dalili za sonona na kuwaelekeza wagonjwa hospitali. Anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, au anayewaza kujiua, anahitaji kliniki, si mazoezi peke yake.

Na kwa aliyenusurika majini, kuna tahadhari. Kufumba macho na kuifuatilia pumzi kunaweza kumrudishia hofu ileile ya kukosa hewa. Aache macho wazi, akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ashike kikombe chenye joto, ataje vitu anavyoviona chumbani. Pumzi ifuate baadaye, akitaka mwenyewe.