Je, Wajua? "Je" ya Wabengali na kishazi nomino cha Kiingereza

Je, wajua kwamba hii "je" tunayoanzia maswali, kwa Mbengali maana yake ni "kwamba"? Huitamka karibu sawa na sisi. Mtu wa Dhaka au Kolkata akikwambia "ami jani je she ashbe", usihangaike kutafuta jibu, hajakuuliza kitu. Amesema: najua kwamba atakuja. "Ami" ni mimi, "jani" ni najua, "she" ni yeye, "ashbe" ni atakuja, na katikati imekaa "je".

Kinachofuata baada ya hiyo "je" ndicho wanasarufi wanachokiita kishazi nomino: kishazi kizima kinachokalia nafasi ambayo neno moja tu lingeitosha. Najua siri. Najua kwamba atakuja. Walimu wa Kiingereza wanaofundisha Wabengali wana jaribio la haraka: kiulize kitenzi "ki?", yaani "nini?" Unajua nini? Kishazi kikijibu, ni nomino. Jaribio ni zuri, ila halifiki mbali, kwa sababu Kiingereza kina neno moja sumbufu, "that".

Tazama sentensi mbili. "The news that he brought was false." "The news that he was dead was false." Kwa jicho la mwanafunzi ni mapacha. Lakini ya kwanza ni habari aliyoileta: kishazi kinaichagua habari moja kati ya nyingi, kwa hiyo ni kivumishi. Ya pili ni habari kwamba amekufa: kishazi ndicho habari yenyewe, nacho ni nomino. Njia ya kuwatenganisha mapacha hao ni kuondoa "that" na kutazama kilichobaki. "He was dead" inasimama kwa miguu yake. "He brought" inabaki ikidai: alileta nini?

Mbengali hapati msaada mkubwa nyumbani, kwani "je" yake nayo hubeba mizigo yote miwili. Ni kirejeshi kilichotoka mbali, tangu Kisanskriti, na baadaye kikaongezewa kazi ya "kwamba". "That" ya Kiingereza ilianza kama kionyeshi, "kile", nayo ikaishia kubebeshwa yote mawili.

Kabla hatujawacheka, tujitazame. "Kwamba" yetu ni kitenzi cha zamani "kuamba", yaani kusema. Bado kimo ndani ya "kuambia", na msomaji wa tenzi za kale za pwani ya kaskazini hukutana nacho kikiwa kizima. Na "ambaye", "ambacho", "ambalo"? Ni kitenzi hichohicho. Kwa hiyo sisi pia tulichukua neno moja tukalifanya kiunganishi cha kishazi nomino na shina la kirejeshi. Tofauti ni kwamba tuna njia ya mkato: "aliyoileta" humaliza kazi ndani ya kitenzi bila kuigusa "amba", ndiyo maana mapacha wa hapo juu hawatusumbui sana.

Huko kutoka "kusema" kwenda "kwamba" si jambo letu peke yetu. Kizulu kina "ukuthi", kutoka kitenzi chake cha kusema. Kiewe cha Ghana na Togo kimefanya vivyo hivyo. Na Wabengali, pamoja na "je", wana "bole", ambayo kwa asili ni "akiisha kusema", nayo hukaa mwishoni mwa kishazi badala ya mwanzoni.

Je, wajua "je" yao huhama? Kishazi nomino kikitangulia sentensi, "je" haikiongozi tena, bali hupenya ndani na kukaa nyuma ya mtenda: "she je oshustho, ta shobai jane", kwamba yeye ni mgonjwa, hilo kila mtu analijua. Ndipo "That he is ill is known to all" inapomshangaza mwanafunzi: "that" imekaa mbele kabisa, na ile "ta", yaani "hilo", haimo. Mkono humwasha aiongeze. Vivyo hivyo "What he says is true": kwao ni "she ja bole, ta shotti", asemacho, hicho ni kweli. Ja na ta hutembea pamoja, na Kiingereza humtaka amwache mmoja nyumbani.

Kuna kosa jingine ambalo hata darasani kwetu limejaa: "I don't know where does he live." Wengi huilaumu lugha mama kwa kosa hilo. Mimi nasema lugha mama imeonewa. Mbengali husema "ami jani na she kothay thake", nasi twasema "sijui anakaa wapi". Hakuna kati yetu anayegeuza mpangilio wa maneno, awe anauliza au anaeleza. Waingereza ndio wanaogeuza wanapouliza, kisha wakataka tugeuze tena swali linapomezwa na sentensi kubwa. Mwanafunzi aliyekaririshwa "where does" mwaka mzima hana budi kuibeba hadi isikotakiwa.

Wakati nao una mtego wake. "She bollo je she ashbe": alisema kwamba atakuja. Kibengali na Kiswahili huacha "atakuja" ibaki vilevile alivyoitamka msemaji. Kiingereza huisukuma nyuma: "He said that he would come."

Na je, wajua kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilicholea vizazi vya wanafunzi India, Bengali Magharibi ikiwemo, kiliandikwa na mtunga riwaya za vita vya jangwani? P. C. Wren alitoa Beau Geste mwaka 1924, hadithi ya ndugu waliojiunga na jeshi la kigeni la Ufaransa. Mwaka 1935, pamoja na H. Martin, akatoa High School English Grammar and Composition, na India bado kinachapwa. Wanafunzi hukiita kwa majina ya waandishi tu, Wren na Martin, na wengi wao hawajawahi kuisikia hiyo riwaya.

Nimebakiza silaha ambayo Mbengali anayo na Mwingereza hana. Maneno yake ya kuuliza huanza kwa k: "kothay" wapi, "kokhon" lini. Ya kurejesha huanza kwa j: "jekhane" pale ambapo, "jokhon" wakati ambapo. Kiingereza kimeyarundika yote ndani ya "where" na "when". Basi akikutana na "when", na aitafsiri kimoyomoyo. Ikitoka k, ni kishazi nomino: "I don't know when he will come", "kokhon". Ikitoka j, kwa kawaida ni kielezi: "I shall go when he comes", "jokhon". Hata ile "will" inafuata mstari huo: nomino huikubali, kielezi huikataa. "Ja" ya "What he says" ndiyo inayoharibu kanuni, maana ni j na bado ni nomino.

Sisi tunayo silaha ileile kwa sura nyingine: "lini" upande mmoja, "-po-" upande wa pili. Sijui atakuja lini, nitakwenda atakapokuja. Mjaribu rafiki yako azungumzaye Kiingereza kwa sentensi hii: "Tell me when he comes." Muulize kama anataka kuambiwa yule mtu huja lini, au kuarifiwa atakapofika. Itambidi aongeze maneno.